Kuwatoa watoto nje mjini London: mwongozo kwa mzazi anayeondoka Dodoma

Hapa Dodoma hakuna mzazi anayeketi kupanga namna ya kuwatoa watoto nje. Mlango ukishafunguliwa asubuhi hutoka wenyewe, wakacheza rede kwenye uwazi ulio kati ya nyumba na nyumba, na kazi ya mzazi ni kuwarudisha ndani giza linapoingia. Ndiyo maana familia inayohamia ng'ambo kwa masomo au kazi huweza kujikuta miezi miwili imepita watoto wakiwa wamejifungia ndani ya fleti mbele ya televisheni, na hakuna mtu aliyeamua iwe hivyo. Yalitupata sisi. Tuliishi London miaka mitatu nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu, nikiwa na binti wa miaka tisa na mwanangu wa kiume wa miaka mitano, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyotamani kuambiwa kabla ya kufunga mizigo.

Jambo la kwanza ni kuacha kusubiri siku nzuri. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, nazo hunyesha kwa kishindo, makorongo yakajaa maji na kila mtu akajibanza barazani hadi zipite. Mtoto aliyelelewa hivyo anajua kuwa mvua ni sababu halali ya kutokwenda popote. Mvua ya London mara nyingi si ya namna hiyo, bali ni manyunyu yanayoweza kuendelea tangu asubuhi hadi jioni, na wenyeji hutembea ndani yake kana kwamba hayapo. Mwanangu alikuwa akisimama dirishani, mikono nyuma, kisha akatangaza kwa sauti ya mzee wa baraza: "Mama, mvua inanyesha, leo haiwezekani." Tuliikubali hoja yake kwa wiki tatu nzima. Wiki ya nne tuliwaona watoto wa jirani wakirukaruka ndani ya madimbwi wakiwa na mabuti ya mpira, mama yao amesimama kando anakunywa chai, nikaona aibu. Tangu siku hiyo tulijiwekea utaratibu wa kutoka kila siku, kwa dakika arobaini tu, kwenda kwenye bustani iliyo karibu zaidi na nyumbani, hali ya hewa iweje, isipokuwa pale penye dhoruba au ugonjwa. Safari za mbali zilibaki kuwa za mara moja au mbili kwa mwezi. Ningelazimika kuchagua ushauri mmoja tu wa kumpa mzazi anayeondoka, ningempa huo wa dakika arobaini.

Utaratibu huo hauwezekani bila nguo. Makosa tunayofanya wengi ni kumvalisha mtoto koti moja zito sana juu ya fulana, akatoka jasho akikimbia, kisha akatetemeka akisimama. Nguo zinazofaa ni za tabaka: ya ndani iwe nyembamba na ya kubana, ya kati iwe sweta la sufu au la kitambaa chenye manyoya, na ya juu iwe koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake. Vitambaa vya pamba vikilowa hukaa na maji na kumpoza mtoto, kwa hiyo jinzi ni vazi baya kwa siku ya mvua. Glovu nunua jozi mbili mbili, kwa sababu moja itapotea wiki ya kwanza. Makoti yenyewe yanapatikana kwa bei ya kutupa kwenye mitumba ya Sabasaba, kwa sababu ni watu wachache Dodoma wanaoyahitaji; kagua zipu, kagua mishono ya mabegani, kisha mwagia maji kidogo kwenye kitambaa uone kama yanateleza au yananywewa. Ukichelewa kununua huku, huko London kuna maduka ya hisani yanayouza nguo zilizokwisha kuvaliwa, na binti yangu alipoingia mara ya kwanza aliuliza kwa nini mitumba yao imetundikwa vizuri hivyo. Mabuti ya mpira nunua huko huko, yatoshee na soksi nene.

Baada ya nguo, mzazi anahitaji kuielewa saa ya mwanga, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapochanganyikiwa zaidi. Sisi jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo neno "jioni" lina maana ile ile Januari na Julai. London, katikati ya Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, ilhali katikati ya Juni hutua yapata saa tatu na dakika ishirini usiku. Tena saa zenyewe husogezwa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Shule za msingi nyingi huwaruhusu watoto kati ya saa tisa na robo na saa tisa na nusu, maana yake ni kwamba wakati wa baridi una nusu saa ya mwanga, pengine pungufu. Usiende nyumbani kwanza. Pitia bustanini moja kwa moja kutoka shuleni, ukiwa na kitafunwa mfukoni, kwa sababu mtoto akishavua viatu na kuona sofa hatoki tena. Baadhi ya bustani kubwa hufungwa machweo, basi soma kibao cha langoni usije ukafungiwa ndani. Wakati wa kiangazi shida hugeuka: watoto hukataa kulala kwa madai kwamba bado mchana, na kusema kweli wana hoja, hivyo nunua mapazia mazito.

Upungufu wa jua una upande wa afya pia. Serikali ya Uingereza huwashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika miezi ya vuli na baridi, na huwashauri watu wenye ngozi nyeusi wafanye hivyo mwaka mzima, kwa kuwa ngozi yetu huhitaji jua jingi zaidi kutengeneza kiasi kile kile. Watoto wa mwaka mmoja hadi minne hushauriwa kuipata mwaka mzima pia. Muulize daktari au mfamasia kipimo cha mtoto wako. Mtu aliyetoka kwenye jua la Dodoma haamini kwa urahisi kwamba jua linaweza kuwa haba kiasi cha kununuliwa dukani.

Sasa kuhusu bustani yenyewe. Karibu kila mtaa una bustani ya umma yenye sehemu ya watoto iliyozungushiwa uzio, yenye bembea, mitelezo na ngazi za kamba, na kuingia ni bure. Tofauti kubwa na nyumbani ni kwamba huko mtoto ni wa mzazi wake peke yake. Kwetu mtoto akidondoka, mama yeyote aliye karibu atamnyanyua, atamfuta vumbi, na akikosea atamkaripia. Huko ukimshika mtoto usiyemjua, hata kwa wema, unaweza kumtia mzazi wake hofu. Akianguka mtoto wa mwenzako, inama karibu naye, muulize kama yu salama, tafuta mzazi wake kwa macho. Usipige picha ambamo watoto wa wengine wanaonekana. Usimwachie kaka mdogo chini ya uangalizi wa dada wa miaka tisa ukaenda dukani, jambo ambalo hapa Area C au Makulu lisingemshangaza mtu: sheria ya Uingereza haitaji umri maalumu wa mtoto kuachwa peke yake, lakini ni kosa kumwacha katika hali inayoweza kumdhuru. Katika baadhi ya viwanja mtu mzima asiye na mtoto haruhusiwi hata kuingia. Coram's Fields, kiwanja kilicho Bloomsbury, katikati ya jiji, hakimpokei mtu mzima asiyefuatana na mtoto aliye chini ya miaka kumi na sita. Mwanangu alilipenda sharti hilo kupita kiasi, akawa ananikumbusha langoni kwamba bila yeye nisingeingia.

Mbwa wanahitaji maelezo marefu kidogo. Kwetu mbwa ni mlinzi, hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na mtoto hufundishwa kumkimbia. Bustani za London zimejaa mbwa wasio na kamba. Siku moja mwezi wa Oktoba mbwa mweupe, mdogo kuliko paka wetu wa nyumbani, alimjia mwanangu akinusa kitafunwa chake. Mtoto akapiga yowe na kutimua mbio. Mbwa, kwa kudhani ameitwa mchezoni, akamfuata kwa furaha akibweka. Mwenye mbwa akawafuata wote wawili akiomba radhi. Nami nikawa wa mwisho katika msafara huo, nikiwa nimeshika kiatu kimoja cha mtoto. Kabla ya kwenda bustanini mara ya kwanza, fanya mazoezi sebuleni: mbwa akija, simama wima kama mti, mikono ifumbate kifuani, usimtazame machoni, usipige kelele. Tulicheza mchezo huo jioni tatu, mimi nikiwa mbwa, na haukuhitaji kurudiwa.

Zipo hatari nyingine ambazo mtoto wa Dodoma hazijui kwa sababu hajawahi kukutana nazo. Kubwa kuliko zote ni barafu juu ya maji. Asubuhi za Januari mabwawa ya bustani huweza kufunikwa na utando wa barafu unaoonekana imara kama sakafu, na mtoto ambaye maisha yake yote ameiona barafu ndani ya friji tu atataka kuukanyaga. Mwambie mapema na mrudie mara nyingi: haukanyagwi kamwe, hata kama bata amesimama juu yake, hata mpira ukiangukia huko. Ya pili ni matunda ya vichakani. Watoto wetu wamezoea kuchuma ukwaju, zambarau na furu bila kumwuliza mtu, lakini huko zipo beri nyekundu na nyeusi zenye sumu, na zile karanga kubwa za rangi ya kahawia zinazong'aa, zinazoanguka toka mitini mwezi wa Septemba na Oktoba, ni za kuchezea tu, haziliwi. Kando ya njia kuna mmea wa majani yenye meno meno ambao ukiugusa huchoma na kuwasha, na ukiwaambia watoto kuwa huo ndio upupu wa Wazungu wataelewa mara moja. Kupe nao wapo kwenye majani marefu, wengine wakibeba ugonjwa unaoitwa Lyme. Baada ya matembezi, kagua miguu, makwapa na nyuma ya masikio, na ukimkuta kupe mng'oe kwa kibanio ukimshika karibu kabisa na ngozi, bila kumminya. Mtu aliyewahi kuchunga ng'ombe hatahitaji kufundishwa zaidi.

Usafiri ni nafuu kuliko unavyodhani ukiwa na wadogo. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na moja hupanda mabasi bure, na katika treni za chini ya ardhi watoto hadi wanne wa umri huo husafiri bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa nauli. Wa miaka kumi na moja hadi kumi na mitano hupanda basi bure wakiwa na kadi maalumu yenye picha, ambayo huombwa kwa intaneti mapema. Mabasi hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014, kwa hiyo kadi ya benki au ya usafiri ni lazima. Na nauli moja ya basi hukuruhusu kubadili mabasi mengine bila kulipa tena ndani ya saa moja. Kigari cha mtoto kina nafasi yake ndani ya basi, ila mwenye kiti cha magurudumu akiingia ndiye mwenye haki ya nafasi hiyo. Mimi nilimbeba mtoto wa rafiki yangu mgongoni kwa kanga, koti langu likiwa juu yetu sote, na sikuwahi kupigania nafasi na mtu yeyote.

Kwa siku za safari kubwa, ninapendekeza Greenwich kabla ya mahali pengine popote. Bustani yake ina kilima chenye nyasi ambacho watoto hujiviringisha kutoka juu hadi chini, na juu yake ndipo ulipo mstari wa longitudo sifuri, uliokubaliwa kimataifa mwaka 1884 kuwa mwanzo wa kupimia mashariki na magharibi. Kuingia kwenye jengo la kituo cha nyota hulipiwa, lakini bustani ni bure. Simamisha watoto wakitazama kaskazini, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, kisha waambie kwamba Dodoma iko karibu nyuzi 36 upande wa mkono wao wa kulia. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Gawanya, utapata saa mbili na dakika ishirini na nne, yaani jua la utosini hufika kwetu mapema kiasi hicho kabla ya kufika kwao. Binti yangu aliuliza kwa nini basi simu ya bibi huonyesha tofauti ya saa tatu wakati wa baridi. Jibu ni kwamba saa rasmi ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45, ambayo iko mashariki ya nchi yetu yote. Somo hilo lilichukua nusu saa, na chai ikapoa.

St James's Park, karibu na kasri la Buckingham, ina ndege aina ya mwari ambao wa kwanza wao waliletwa mwaka 1664 kama zawadi ya balozi wa Urusi. Hulishwa samaki kila siku kati ya saa nane na nusu na saa tisa alasiri, na ukifika mapema utasimama mbele. Katika Hyde Park kuna chemchemi ya kumbukumbu ya Diana, iliyofunguliwa mwaka 2004, ambamo watoto huruhusiwa kukaa ukingoni na kutumbukiza miguu. Richmond Park, yenye ukubwa wa ekari zipatazo 2,500, ina mamia ya ayala wanaozurura huru. Hapo sharti ni kukaa umbali usiopungua mita 50, na hasa uwe mwangalifu katika vuli, madume wanapopigana, na mwanzoni mwa kiangazi, majike wanapozaa.

Mudchute ni habari nyingine. Ni shamba la mifugo lililo ndani ya jiji, eneo la Isle of Dogs, maghorofa ya mabenki yakiwa yamesimama nyuma yake, na kiingilio hakuna. Babu wa watoto wangu anafuga Bahi. Tulipofika walikuta watoto wa London wamejipanga kwenye uzio wakimtazama mbuzi kwa ukimya, kama sisi tunavyomtazama simba. Mwanangu aliniangalia, akamwangalia mbuzi, akamwamkia kwa Kigogo: "Mbukwa." Kisha akawaeleza wenzake, kwa Kiingereza chake cha miezi mitano, namna ya kumjua mbuzi mgonjwa kwa kumtazama masikio. Kwa mara ya kwanza tangu tufike alikuwa yeye ndiye mwenye kujua. Mpeleke mtoto wako huko mapema, hasa kama shuleni bado hana rafiki.

Chakula beba kutoka nyumbani, kwa kuwa vibanda vya bustanini ni ghali. Chapati zilizokunjwa na mayai, karanga, matunda na chupa ya chai vinatosha. Tandika turubai chini ya mkeka, maana nyasi huwa mbichi hata jua likiwaka. Nyama choma sahau, bustani nyingi haziruhusu kuwasha moto. Michezo nayo beba ya kwetu. Rede huhitaji mpira wa soksi tu, na kombolela huchezwa vizuri kuliko hapa kwa sababu miti ni minene; watoto wa huko hujiunga bila kualikwa wakishaona sheria zake. Kabla ya kuanza, onyesha mti mmoja wa kukutania endapo mtu atapotea, weka karatasi yenye namba yako ya simu kwenye mfuko wa kila mtoto, na uwafundishe kwamba aliyepotea humfuata mfanyakazi wa bustani au mama mwenye watoto. Namba ya dharura ni 999.

Likizo zao nazo hazifanani na zetu za Juni na Desemba: kuna wiki moja katikati ya kila muhula, na wiki kama sita kuanzia mwishoni mwa Julai, ambapo viwanja vyote hujaa. Wiki hizo nenda asubuhi.

Kuvuka barabara kwenyewe hakuna shida kubwa, kwani huko pia magari hupita kushoto kama kwetu. Shida huja wakati wa kurudi. Watoto wangu walizoea kwamba ukikanyaga pundamilia, magari husimama. Wiki ya kwanza tuliporudi Dodoma, binti yangu aliingia barabarani karibu na Nyerere Square akiwa ameinua kichwa kwa kujiamini, na bodaboda ikapita mbele ya pua yake. Fungu la mwisho la maandalizi, basi, lifanyike siku mbili kabla ya kupanda ndege ya kurudi: wafundishe upya kusimama, kutazama pande zote mbili, na kumsubiri mtu mzima.